Somo: Kukadiria bei ya baiskeli kuukuu ya resi ya chuma

Wiki iliyopita kijana mmoja alinisimamisha karibu na stesheni ya Tabora, anakokota baiskeli ya resi, ile yenye usukani uliojikunja kama pembe za kondoo. "Fundi, hii inaenda bei gani?" Nikamuuliza: unamuuzia nani?

Maana baiskeli ya aina hii ina bei mbili. Mtu wa kubebea mkaa kutoka porini hata ukimpa bure atakurudishia: tairi nyembamba, karia hakuna, giya zinataka matunzo. Kwake Phoenix, ile nzito ya mizigo, ndiyo baiskeli. Yupo mwingine, mwendesha resi au mpenzi wa vitu vya zamani, ambaye anajua anachokitafuta na yuko tayari kukilipia. Somo hili ni la kumwuzia huyo wa pili.

Kabla ya yote, usiipake rangi. Mimi niliwahi kukwangua fremu nzima, nikaipiga bluu ya kung'aa, nikajiona nimeongeza thamani. Mnunuzi alifika kutoka Mwanza, akaizunguka mara mbili, akauliza maandishi yake yameenda wapi. Nikasema nimeyasafisha. Hakukaa hata kunywa chai. Rangi ya kiwandani iliyochubuka ina bei kuliko rangi mpya ya mtaani.

Hatua ya 1: Itambue fremu

Hapa usiwe na haraka, hapa ndipo pesa ilipo. Sumaku ikishika ni chuma, lakini vyuma havilingani. Tazama karatasi iliyobandikwa kwenye bomba la siti, hutaja aina ya mabomba ya fremu. Reynolds 531 ni ya Birmingham, Uingereza, ipo tangu 1935. Columbus ni ya Italia. Kwenye baiskeli za Kijapani, ambazo ndizo nyingi katika mtumba, utakuta Tange au Ishiwata. Mabomba mazuri ya kampuni hizi zote yana kuta nene kwenye maungio na nyembamba katikati, ndiyo maana fremu ni nyepesi na bado ina nguvu.

Karatasi ikiwa imebanduka, chomoa nguzo ya siti usome namba iliyogongwa, ndiyo kipenyo chake kwa milimita. 27.2 mara nyingi ni dalili ya bomba jembamba la daraja la juu. Ukikuta 25.4 au 26 na kitu, mara nyingi bomba ni la kawaida. Kisha angalia vile vyuma vinavyoshika ekseli ya nyuma: vinene vya kufuliwa ni dalili nzuri, bati lililokatwa na kubanwa ni baiskeli ya bei ya chini. Mwisho ipime kwa mizani ya nafaka. Resi nzuri ya chuma huwa kama kilo 10 au 11 nzima nzima. Ikifika 14, punguza matumaini.

Hatua ya 2: Itafute ajali

Pitisha kidole chini ya bomba la chini, nyuma tu ya shingo ya usukani. Ukihisi mkunjo, au ukaona rangi imepasuka kwa mstari wa kukatisha, baiskeli hiyo iligonga kitu uso kwa uso. Mnunuzi mjuzi huanzia hapohapo.

Halafu uzi. Toa gurudumu la nyuma, funga uzi panapokaa ekseli upande mmoja, uzungushe mbele ya shingo, urudishe upande wa pili na kuukaza. Pima kutoka kila uzi hadi bomba la siti. Vipimo vikilingana, fremu imenyooka. Tofauti ya milimita moja au mbili fundi mzuri anainyoosha, chuma kinakubali. Zaidi ya hapo kata bei bila huruma, hata kama ni ya marehemu babu.

Hatua ya 3: Soma vifaa

Vifaa vya zamani vya Shimano, kampuni ya Kijapani, vina herufi mbili ndogo zimegongwa nyuma. Ya kwanza ni mwaka, A ikiwa 1976, B 1977, na kuendelea. Ya pili ni mwezi, A ikiwa Januari. Kwa hiyo HC ni Machi 1983. Breki, krenki na giya zikisoma miaka inayokaribiana, una baiskeli ambayo haijachanganywa, na hiyo inauzika. Jina la Campagnolo, vifaa vya Kiitaliano vya bei kubwa, likionekana, tulia, usiuze siku hiyo.

Cheni: pima viungo 24, vya nje na vya ndani, kutoka katikati ya pini hadi katikati ya pini. Cheni mpya ni inchi 12 kamili, sentimita 30.48. Ikivuka 30.6 imechoka, na huenda imekula meno ya nyuma pia.

Hatua ya 4: Rimu

Huu ndio mtego wetu wa Tabora. Tairi ya Phoenix ya inchi 28 kwa moja na nusu hukaa kwenye rimu ya kipenyo cha milimita 635, pale tairi inapokaa. Resi za zamani za inchi 27 ni 630, na za saizi iitwayo 700C ni 622. Kwa macho zinafanana, kwa kuvalisha hazifanani. Ukikuta rimu ya 630, tairi yake ni ya kutafutwa mbali, toa gharama hiyo kwenye bei.

Hatua ya 5: Hesabu

Anza na bei ambayo baiskeli kama yako iliuzwa kweli, siyo ambayo mtu anataja. Kutaja hakuna kodi. Tuseme zilizouzwa zilikwenda 400,000. Yako inataka tairi na tyubu 70,000, cheni 15,000, fundi 25,000, na kuisafirisha kwa mnunuzi 30,000. Inabaki 260,000. Tarakimu ni za mfano, njia ndiyo ya kushika.

Maswali ya wanachama

Mwanachama, Urambo: Shikamoo fundi. Nguzo ya siti ni ya aluminiamu na imegoma kabisa. Nipunguze kiasi gani?

Marahaba mwanangu. Aluminiamu na chuma vikikaa pamoja na unyevu hushikana. Tia mafuta ya kupenya kwa siku kadhaa, kisha zungusha, usivute. Moto usiguse, utaunguza rangi. Ikikataa, hiyo ni baiskeli ya mtu mmoja tu, mwenye urefu unaolingana nayo. Mimi ningepunguza robo ya bei.

Mwanachama, Isevya: Nikiiwekea karia nibebee ndoo za asali, haitapanda bei?

Itashuka. Ukitoboa au kuchomelea, yule mnunuzi wa pili umemfukuza, na wa kwanza bado ataona tairi nyembamba.

Mwanachama, Sikonge: Kaka, nimeletewa moja kwa bei ya kutupa. Muuzaji hana risiti.

Pindua baiskeli, soma namba chini ya krenki, piga picha. Andikishaneni mbele ya mwenyekiti wa mtaa na shahidi, namba hiyo iwemo. Akikataa kuandikishana, mwachie baiskeli yake.

Mwanachama, Ng'ambo: Je, kuuza vipande vipande hakulipi zaidi?

Fremu ikiwa imepinda, ndiyo, vua kila kitu uuze kimoja kimoja. Ikiwa nzima na vifaa ni vya mwaka wake, iache ilivyo. Na usitupe vile vitu vidogo, kofia za breki, skrubu zake, kishikio cha pampu. Kuna watu wanavitafuta hivyo kuliko gurudumu.