Mbaazi kwanza, wali baadaye: kuituliza sukari baada ya kula

Wanga wa wali, boflo au muhogo husagwa upesi ukawa glukosi, yaani sukari ya kwenye damu, ndipo sukari ikaruka. Nyuzinyuzi mwili hauzisagi. Zile zinazolainika majini, kama za mbaazi, kunde na ule utelezi wa bamia, hufanya kitu kama ute mzito: chakula kinachelewa kutoka tumboni, na glukosi inaingia kwenye damu kidogo kidogo.

Tumia kikombe cha robo lita. Wali mweupe uliopikwa, kikombe kimoja, una wanga gramu 45 hivi. Nyuzinyuzi hazifiki hata gramu 1. Mbaazi zilizochemshwa, kikombe hichohicho, zina nyuzinyuzi gramu 11 hivi. Basi pakua wali nusu kikombe na mbaazi nusu kikombe. Ukizimwaga mbaazi juu ya mlima uleule wa wali umejiongezea wanga tu, maana nazo zinao. Anza na mchicha au bamia, samaki na mbaazi. Wali uje mwisho.

Tui lisikudanganye: nyuzinyuzi za nazi zimebaki kwenye machicha. Juisi ya embe iliyochujwa ni vivyo hivyo, afadhali kipande cha embe lenyewe. Na mbaazi za asubuhi kwa maandazi manne? Hapo maandazi yameshashinda.

Kama una kipimo cha sukari, nawa mikono kwa sabuni na uikaushe (maji ya embe kidoleni hupandisha namba kwa uongo). Pima kabla ya tonge la kwanza, kisha saa mbili tangu tonge hilo. Watu wazima wengi wenye kisukari, wasio wajawazito, huambiwa wakati huo wa pili wabaki chini ya 10 mmol/L. Siku nyingine kula wali kikombe kizima bila mbaazi, mengine yote yawe yaleyale, ulinganishe.

Tumbo likijaa gesi, umezidisha kwa pupa. Anza na vijiko vitatu vya mbaazi kwa siku, uongeze wiki hadi wiki, na maji unywe. Ziroweke usiku kucha, maji yale uyamwage.

Anayetumia insulini au glibenclamide (vidonge vya kushusha sukari) asipunguze wali kabla ya kuzungumza na kliniki, sukari inaweza kushuka mno. Mwenye maradhi ya figo naye aulize kwanza kiasi cha kunde na mbaazi.

Kwenye futari, muhogo, majimbi na viazi vikuu vikikutana sahani moja, chagua kimoja.