SOMO: Kupanda Bondwa, kilele cha milima ya Uluguru, Morogoro, na kurudi siku hiyohiyo

Wakuu, wiki hii watu sita wameniuliza "Bondwa unabeba nini". Naandika mara moja, wa saba namrushia hii.

1. Kibali. Msitu wa Uluguru ni hifadhi, uko chini ya TFS (Wakala wa Huduma za Misitu Tanzania). Shughulikia mjini Morogoro siku moja kabla, na mwongozaji hapohapo.

2. Maji lita 2 kila mtu, karanga, ndizi.

3. Viatu vyenye meno, ulivyokwisha kuvizoea. Vipya vitakutoa malengelenge kabla hujafika Morningside, ile nyumba ya zamani ya Wajerumani iliyo njiani.

4. Aliyebaki nyumbani ajue njia mnayopita na saa ya kurudi.

5. SAA YA KUGEUKA. Hapa soma taratibu. Mara ya kwanza tulikuwa wanne, tukachelewa kuanza kwa sababu ya chapati. Saa tisa alasiri minara ya kileleni ilionekana karibu kama ya kuishika, tukasema "bado kidogo". Tulifika saa kumi na nusu, ukungu ukashuka nasi. Ndani ya msitu giza huingia mapema kuliko mjini. Taa za Morogoro ziliwaka chini tukiwa tunapapasa mizizi kwa mwanga wa simu moja yenye chaji asilimia 9. Udongo ule ukilowa ni sabuni. Niliteleza, kifundo kikavimba kama embe, nikashuka kwa makalio.

Kwa hiyo: anza saa kumi na mbili asubuhi, na ikigonga saa saba mchana unageuka, hata kama kilele unakiona. Saa hiyo mkubaliane mkiwa bado chini, maana huko juu kila mtu ni shujaa. Tochi ya kichwani kila mtu na yake. Simu si tochi.

6. Fulana kavu na koti la mvua, hata kiangazi.

MASWALI

— Mkuu, yeboyebo zinafaa?
Soma namba 3.

— Boda inafika kileleni?
Hapana.

— Mbona unatisha watu? Mimi nilipanda saa nane na nikarudi salama.
Hongera. Mimi pia nilirudi.

— Ukungu ukishuka mkapoteza njia, mfuate mto? Si unaelekea mjini?
Swali zuri sana hili. Mto unaelekea mjini kweli, ila unapitia kwenye maporomoko, na wewe huwezi kuruka kama maji. Simameni palepale, vaeni vikavu, kaeni pamoja. Mkumbuke mahali pa mwisho mlipoiona njia. Kama mnapaona, rudini hapo. Zimamoto na uokoaji ni 114. Beba filimbi ya refa: piga mara tatu, nyamaza dakika moja, rudia. Koo huchoka, filimbi haichoki.

— Na chaji ya simu?
Iweke hali ya ndege tangu asubuhi. Ikihangaika kutafuta mtandao inakwisha haraka.

— Nyongeza: suruali iingize ndani ya soksi, siafu wa kule hawana adabu.
Kweli kabisa, nilisahau. Na ukiwakuta njiani usisimame kuwapiga picha.