Siku nne kwa pikipiki: kupanga njia ya Lubumbashi, Likasi na Bunkeya

Watu wengi wa Lubumbashi, kusini-mashariki mwa Jamhuri ya Kidemokrasia ya Kongo, wanaijua RN1, barabara kuu ya taifa, kupitia dirisha la basi: malori, vumbi, Lwambo, Likasi. Kwa pikipiki, barabara hiyohiyo ina mahali pa daraja ambapo majeshi ya Umoja wa Mataifa yalishindwa kuvuka mwaka 1961, ina ziwa la samaki, na ukiiacha lami pale Likasi ukaelekea kaskazini, unafika kwenye mji wa mfalme aliyeshika biashara ya shaba kabla Mzungu hajachora mpaka wowote hapa. Naeleza jinsi ya kuipanga safari hiyo kwa siku nne, kwa pikipiki yenye injini ya 125 au 150 kama zile za manseba, waendesha pikipiki za abiria. Mashine kubwa ya nini? Ikiharibika huko ndani, hakuna fundi mwenye kipuri chake.

Kanuni yangu ni moja: hesabu saa za mwanga, kilomita zije baadaye.

Hatua ya 1: Jua unakwenda kuona nini

Kabla ya kufungua ramani, pita Makumbusho ya Taifa ya Lubumbashi utazame misalaba ya shaba. Ilikuwa pesa ya sokoni, na mitatu iliwekwa kwenye bendera ya Katanga ilipojitenga na Kongo mwaka 1960. Shaba hiyo, pamoja na pembe za ndovu na watumwa, ndiyo iliyomvuta Msiri, mfalme niliyemtaja, kutoka Unyamwezi, katika Tanzania ya leo, katikati ya karne ya 19. Akaufanya Bunkeya kuwa mji mkuu wa ufalme wake, Garenganze, na misafara yake ikafanya biashara na pwani zote mbili, ya Atlantiki na ya Bahari ya Hindi. Mwezi Desemba 1891 ukafika msafara wa William Stairs, uliotumwa kwa faida ya Mfalme Leopold II wa Ubelgiji, ukiwa na wapagazi na askari kutoka pwani ya mashariki. Tarehe 20 Kapteni Omer Bodson alimpiga Msiri risasi akamwua, naye Bodson akapigwa palepale na watu wa mfalme, akafa.

Kisa hiki ni sehemu ya kupanga njia. Asiyekijua atagawa saa zake sawasawa kwa kila kituo, ataiona Bunkeya kama kijiji kingine chenye vumbi, na atageuza pikipiki kabla injini haijapoa. Anayekijua atatenga jioni moja na asubuhi moja kwa ajili yake, na mahali pengine atapita.

Hatua ya 2: Chagua mwezi

Kiangazi kinaanza Mei. Mimi napenda mwisho wa Mei na Juni: njia imekauka, majani bado yapo, hewa ni safi. Julai ni baridi ya kweli. Alfajiri inaweza kushuka chini ya nyuzi 10, na kwenye pikipiki upepo unaongeza, kwa hiyo glavu si urembo. Agosti watu wanachoma nyasi na moshi unafunika milima. Septemba joto linapanda, lakini miti ya miombo, misitu yetu ya asili, inachipua majani mekundu kama shaba hata kabla ya mvua, na hiyo peke yake inatosha kumtoa mtu nyumbani.

Kuanzia Novemba acha. Udongo wetu mwekundu ukilowa unateleza kama sabuni. Wayeke, watu wa Msiri, wanamkumbuka kila tarehe 20 Desemba, na ukitaka kuwapo siku hiyo, tafuta nafasi kwenye gari la jipu.

Hatua ya 3: Chora njia, na sehemu ngumu iwe katikati

Ukiwa bado na intaneti nzuri mjini, pakua ramani ya mikoa ya Haut-Katanga na Lualaba kwenye programu za simu, OsmAnd au Organic Maps. Zote zinafanya kazi bila mtandao. Kisha weka usiku wako: wa kwanza Likasi, wa pili Bunkeya, wa tatu Likasi tena, wa nne nyumbani. Lami inakuwa siku ya kwanza na ya mwisho. Siku ya kwanza mwili na pikipiki vinazoeana na mzigo, siku ya mwisho umechoka na huhitaji mitihani. Udongo unakutana nao katikati, nguvu ikiwa ipo na Likasi ikiwa nyuma yako na mafundi wake.

Mstari kwenye simu hausemi lolote kuhusu makorongo. Fungua picha za setilaiti ufuate barabara kipande kwa kipande: inayopitwa na magari inaonekana pana na nyekundu, inayokufa inakuwa uzi unaopotea kwenye majani. Mahali inapovuka mto, weka alama. Mahali inapogawanyika mara mbili au tatu kisha kuungana tena, weka alama nyingine, maana pale ndipo magari yanapokwama wakati wa mvua na madereva wanatafuta pa kuzungukia. Kiangazi pamekauka, lakini nyayo za malori zimegeuka mifereji migumu inayokamata tairi la mbele.

Baada ya hapo, uliza watu. Usiulize kama barabara ni nzuri. Dereva wa lori na manseba hawana "nzuri" moja. Uliza: ulipita lini? Ulitoka saa ngapi, ukafika saa ngapi? Ulipita na chombo gani? Likasi, nenda pale magari ya Bunkeya yanapopakia, wasalimie, nunua kitu kidogo, kisha waulize watu wawili ambao hawako pamoja. Majibu yakikaribiana, una habari. Yakipishana sana, amini lile baya. Waulize pia wale wanaosukuma kinga (baiskeli) zenye magunia ya makala (mkaa), kwa sababu wao wanajua kila kilima kwa miguu.

Mambo mawili ya kukata mapema. Usiongeze kipande cha kaskazini kuelekea Mitwaba kwa sababu tu "tumeshafika karibu". Eneo la Manono, Mitwaba na Pweto limesumbuliwa na makundi yenye silaha kwa miaka mingi kiasi cha kuitwa pembetatu ya kifo. Na hata kwa Bunkeya yenyewe, uliza usalama wiki ile ile unayoondoka. Jambo la pili ni maporomoko ya Lofoi, ndani ya Hifadhi ya Kundelungu. Maji yanaanguka zaidi ya mita 300, na kila mtu akisikia anataka kuyabandika kwenye safari hii. Yanastahili safari yake, na ruhusa ya ICCN, taasisi ya serikali inayosimamia hifadhi. Ukiyachomeka hapa utaona nusu ya kila kitu.

Hatua ya 4: Geuza kilomita ziwe saa

Kwa pikipiki ndogo yenye mzigo, nahesabu hivi: lami yenye malori, kilomita 40 kwa saa, vituo vidogo vikiwemo. Udongo mkavu uliosawazishwa, 25 hadi 30. Udongo wenye mifereji na mchanga, 15 hadi 20. Mtu akisema anakwenda 80, mwache, ana haraka zake.

Lubumbashi hadi Likasi ni kama kilomita 120, yaani saa tatu. Likasi hadi Bunkeya, ukipima mstari ulionyooka, ni kama 70 tu, na hapo ndipo watu wanadanganyika. Barabara haiendi kama ndege. Chukua umbali ambao programu inakupa kwa kufuata barabara, gawanya kwa 20. Ikikupa 100, hizo ni saa tano za kuendesha, ongeza moja ya kupumzika na moja ya pancha. Saa saba. Ukitoka saa kumi na mbili na nusu asubuhi, unafika kama saa saba na nusu mchana, na jua lina saa nne zaidi. Hesabu isipoacha angalau saa mbili za mwanga mwishoni, siku hiyo ni ndefu mno, ikate.

Siku ya tano iwe mfukoni. Usimwahidi mtu yeyote kitu kwa siku hiyo.

Hatua ya 5: Mafuta, pesa, karatasi

Tangi la lita 10 na injini inayokula lita 3 kwa kilomita 100 vinakupa zaidi ya kilomita 300 kwenye karatasi. Kwenye mchanga, kwa gia ya pili, hesabu 200. Jaza Likasi, na ufunge bidoni ya lita 5 upande usio na ekzosi. Mafuta ya chupa ya makadafi, wauzaji wa mafuta wa njiani, ni ya dharura, na yachuje kwa kitambaa safi.

Beba franga ndogondogo za kutosha, maana kijijini hakuna wa kukuvunjia noti. Dola ziwe safi. Noti yenye mchaniko wa milimita mbili ni karatasi tu. Usitegemee pesa za simu nje ya Likasi.

Karte roze (kadi ya pikipiki), bima, permi (leseni) na kitambulisho viwe kwenye mfuko mmoja mkavu, pamoja na nakala kadhaa. Kwenye kizuizi, zima injini, vua kofia, salimia kwanza. Kamera ibaki ndani karibu na madaraja, mabwawa, migodi na askari.

Hatua ya 6: Pikipiki

Sina mengi hapa. Matairi yenye meno, cheni iliyopakwa mafuta, breki, spoku zote zimekazwa. Beba mpira wa ndani wa mbele na wa nyuma, pampu, vyuma viwili vya kufungulia tairi, bujii moja, kebo ya klachi, waya na kiungo cha cheni. Jifunze kubadilisha mpira wa ndani nyumbani kwako, kwenye kivuli, huku kwado, fundi wa pancha wa mtaani, akikutazama na kukucheka. Mzigo ukae chini na karibu na kiti. Kilo 15 zinatosha. Za ziada ni nguo ambazo hutavaa.

Siku zenyewe

Siku ya kwanza, toka mapema kabla msururu wa malori haujaamka. Ukifika daraja la Lufira, punguza mwendo, kumbuka. Septemba 1961, wanajeshi wapatao 155 wa Ireland, wa Umoja wa Mataifa, chini ya Pat Quinlan walizingirwa na majeshi ya Katanga huko Likasi, iliyoitwa Jadotville wakati huo. Kikosi cha kuwaokoa kilitoka Lubumbashi kikakwama hapa kwa risasi za jandarmeri, jeshi la Katanga. Waliozingirwa walipigana siku kadhaa, wakaishiwa maji na risasi, wakajisalimisha, na hakuna hata mmoja wao aliyekufa. Utalivuka daraja kwa sekunde chache. Simama mbele, kando, mahali pa wazi, si darajani. Mchana tembea Likasi kwa miguu, chini ya miti yake na nyumba zake za zamani. Mtu akikupa wazo la kwenda Shinkolobwe, mgodi uliotoa sehemu kubwa ya urani ya bomu la Hiroshima, mkatalie: umefungwa, na si mahali pa utalii.

Siku ya pili ni ya udongo, na ndiyo nzuri kuliko zote. Miombo, vichuguu virefu kuliko nyumba, matofali yanayochomwa kutoka udongo wa vichuguu hivyohivyo. Kwenye mchanga simama juu ya vikanyagio, tazama mbali, usibane usukani. Vijijini punguza mwendo kwa sababu ya mbuzi na watoto, na ukisimama, mama anayeuza munkoyo, kinywaji cha nafaka, atakueleza hali ya kivuko cha mbele kuliko ramani yoyote.

Ukiingia Bunkeya, usianze kupiga picha. Uliza kwa chifu wa mtaa au kwenye boma la Mwami, yaani mfalme, maana kiti cha ufalme wa Wayeke bado kipo na kina taratibu zake. Jitambulishe, sema umetoka wapi na umefuata nini, leta zawadi ndogo, piga makofi ya heshima kama utakavyoona wengine wakifanya. Omba mtu wa kukuongoza, na mpatane malipo kabla. Jioni sikiliza. Mambo marefu ya kutembelea yawe asubuhi ya siku ya tatu, kisha uondoke kurudi Likasi kwa saa itakayokuachia zile saa mbili za mwanga mwishoni.

Siku ya nne, toka kwenye lami uingie Kapolowe, kwenye misheni ya zamani ya Wabenedikto na ziwa Tshangalele, lililozaliwa na bwawa la Mwadingusha kuelekea mwaka 1930. Kula bukari (ugali) na samaki waliovuliwa palepale. Samaki waliokaushwa kwa moshi wafunge nje ya begi, ndani ya mfuko wa plastiki, mbali na ekzosi, la sivyo nguo zako zitanuka mwezi mzima. Panga kuingia Lubumbashi kabla ya saa tisa alasiri. Baada ya hapo malori na mabasi madogo yanagombania kila sentimita, na mikono yako itakuwa imechoka.