Bendi ya matarumbeta imealikwa tamasha: jinsi ya kuamua mwende au msiende

Kama mna bendi ya matarumbeta ya mtaani, zile za watu kumi na kitu mnaobanana kwenye kirikuu kila Jumamosi hapa Mwanza kutoka Igoma mpaka Kirumba mkisindikiza bwana harusi, ipo siku simu itaingia, mtu anajitambulisha ni wa kamati ya tamasha na anawataka tarehe fulani. Hapo ndo viongozi wengi wanaharibu, anajibu "tupo mkuu, hamna shida" alafu wenzake wanakuja kusikia kijiweni. Usijibu hapo hapo. Mwambie asante sana kaka, naomba nikae na wenzangu, Jumatano nakupa jibu, na umwombe akutumie maelezo kwa maandishi, hata WhatsApp inatosha: tarehe, saa, sehemu, mnapiga muda gani, hela kiasi gani na inalipwa lini. Akianza kuzunguka zunguka kwenye hilo la mwisho ushaanza kupata jibu lako.

Kikao chenyewe msianze na hela. Anzeni na nani anaweza kwenda, na kila mtu ajisemee mwenyewe, asisemewe. Tarumbeta mkiwa nazo nne mmoja akikosa mnaenda, lakini mpiga besi akikosa hamna bendi, na mtu wa ngoma kubwa vile vile, kwaiyo hao wawili waulizwe wa kwanza. Alafu angalieni kazi za watu. Huku kwetu bendi nyingi zina vijana wa ziwani, na wa dagaa anafanya kazi usiku wa giza maana taa ndo inavuta dagaa, mbalamwezi ikiwa kali taa haivuti kitu na wengi wanapumzika nchi kavu. Tazameni tarehe ya tamasha imeangukia wapi kwenye mwezi. Ikiwa giza, huyo kijana mnamwomba aache mavuno yake aje kupiga tromboni, mlijue hilo mapema na mlihesabu. Wa bodaboda ana hesabu ya bosi kila siku iwe sikukuu iwe msiba. Wa kidato cha nne ikifika Oktoba Novemba mwacheni na mtihani wake kabisa, hata akisema anaweza.

Ukishajua watu, uliza kitu ambacho mimi nakiona ndo kikubwa kuliko hela: wanataka mpige mkitembea au wawapandishe jukwaani? Bendi ya matarumbeta imezaliwa barabarani, watu wanacheza mbele, nyuma na katikati yenu, mama mmoja anatoka dukani na kanga yake anajiunga, na nyie mnamsoma mnarefusha pale pale. Ukiipandisha jukwaani, maiki mbili kwa watu 12, besi haisikiki, watu wako mita ishirini huko wamekunja mikono, mnaonekana wadogo wakati hamko wadogo. Kwaiyo ombeni kufungua tamasha kwa maandamano, mfano kutoka stendi mpaka uwanjani, au mpige chini katikati ya watu. Sio ombi geni. Kule Somerville, Marekani, kuna tamasha la bendi za mtaani linaitwa HONK!, lipo tangu 2006, bendi zinapiga chini bila jukwaa na wanamuziki wageni wanalala kwa wenyeji. Na hata hapa nyumbani, kwenye Bulabo, sikukuu ya ngoma ya Wasukuma kule Bujora, vikundi vya Bagika na Bagalu, wapinzani wa tangu zamani, vinashindana uwanja mmoja kwa wakati mmoja na watu wanahamia kwa anayewavuta. Hiyo ndo aina ya uwanja wetu. Wakikubali mpige chini ulizeni pia dakika ngapi, maana midomo ya wapuliza ina kikomo, saa moja ya kupuliza mfululizo kwenye jua la mchana mtu anaanza kutoa upepo badala ya noti, ombeni vipande viwili vya nusu saa na maji ya kunywa.

Sasa hela. Pigeni hesabu kwenye karatasi mbele ya wote. Tuseme mko 12, wanatoa 600,000. Nauli kwenda na kurudi 20,000 kila mtu hiyo ni 240,000, chakula 8,000 kila mtu ni 96,000, vyumba sita vya gesti kwa 15,000 ni 90,000. Inabaki 174,000, kila mtu 14,500, na hapo mmepoteza harusi ya Jumamosi yenye hela ya kutunzwa juu. Inaweza kuwa bado inafaa, mkionekana mnapata kazi nyingine, ila kuonekana hakununui unga, kwaiyo muamue mkiwa mnaijua namba. Njia nayo inabadilisha hesabu: Sengerema au Geita tangu daraja la Kigongo–Busisi lifunguliwe 2025 mnaweza kwenda na kurudi siku hiyo hiyo bila kusubiri kivuko, Ukerewe ratiba ya meli ndo inayoamua kama mnalala. Mkilala, dada anayepiga snea awe na chumba chake chenye kufuli, hilo sio la kujadili.

Ulizeni nani mdhamini na mtavalishwa fulana ya nani, hasa mwaka wa uchaguzi, kuna mwenzenu hatataka na ana haki. Kibali cha tamasha wawatumie picha yake. Na nyie cheti chenu cha BASATA, Baraza la Sanaa la Taifa, kiwe hai.

Kwenye kuamua, aanze kusema mdogo kuliko wote. Mzee wa bendi akitangulia kusema twende, nani atampinga? Mkimaliza mzunguko pigeni kura, lakini anayekataa kwa sababu ya mtoto mgonjwa au kibarua chake asizidiwe kwa wingi wa mikono, huyo mtafutieni mbadala au muache safari.

Jibu lipelekeni siku mliyoahidi. Mkikataa andikeni "Tunashukuru sana kwa kutukumbuka, tarehe hiyo hatutaweza, mkipanga mwakani tuambieni mapema", na muwaunganishe na bendi nyingine mnayoiamini. Mkikubali, nusu ya hela iingie kwa simu ya mweka hazina kabla hamjalipia gari, na nusu iliyobaki mkishuka tu hapo uwanjani, kabla tarumbeta haijatoka kwenye mfuko.