Asidi amino itaingia kwenye seli kwa njia gani? Ibashiri, kisha ipime

Nimetoka kumsaidia mwanafunzi wa shahada ya pili aliyekuwa amekariri majina ya visafirishaji vyote (protini za utando zinazopitisha molekuli), lakini ukimpa asidi amino moja anashindwa kukuambia itapita wapi. Anza na kemia ya molekuli yenyewe. Majina yatafuata.

Hatua ya 1: Ichore kwenye pH 7.4. Kundi la amino lina chaji chanya, la kaboksili lina chaji hasi. Kwa hiyo hata lusini, ambayo mnyororo wake wa pembeni hauelewani na maji, haipenyi kirahisi mafuta ya utando wa seli. Inahitaji kisafirishaji.

Hatua ya 2: Soma mnyororo wa pembeni. Ukiwa mdogo na hauna chaji (alanini, serini), fikiria kwanza mfumo A (kundi la visafirishaji), kama SNAT2, unaoingiza sodiamu pamoja na asidi hiyo. Ukiwa mkubwa, wenye tawi au pete (lusini, fenilalanini, tirosini), fikiria mfumo L, hasa LAT1: hauhitaji sodiamu, hubadilishana tu, moja ikiingia nyingine inatoka. Lisini na arginini zina chaji chanya, na kwa kuwa ndani ya seli ni hasi, umeme wa utando unazivuta kupitia CAT1. Glutamati inapingwa na umeme huohuo, ndiyo maana usafiri wake una gharama kubwa: kwenye visafirishaji vya EAAT, kila glutamati huingia na sodiamu 3 na protoni 1, huku potasiamu 1 ikitoka.

Histidini isikuchanganye. pKa ya pete yake (pH ambapo nusu ya pete hizo zimebeba protoni) iko karibu na 6, hivyo kwenye 7.4 sehemu kubwa haina chaji. Usiiweke kapu moja na lisini.

Hatua ya 3: Ili ujue kama usafiri unategemea sodiamu, iondoe, na uiondoe kweli. Hapa ndipo watu wanapopoteza siku nzima. Kubadilisha NaCl peke yake hakutoshi. Kagua kila chupa: fosfati ya sodiamu, bikaboneti ya sodiamu, hata NaOH uliyotumia kurekebisha pH ya HEPES (kemikali ya bafa, yaani mchanganyiko unaoshikilia pH). Kujaza nafasi ya sodiamu, mimi napendelea NMDG (N-methyl-D-glucamine) kuliko kolini, kwa sababu kolini ina vipokezi na visafirishaji vyake kwenye seli nyingi. NMDG ni besi, kwa hiyo unashusha pH kwa HCl na huhitaji NaOH kabisa. Ukilazimika kutumia kolini kloridi, rekebisha kwa Tris (besi isiyo na sodiamu).

Halafu soma lebo ya asidi amino yenyewe. Glutamati inayouzwa kama chumvi ya sodiamu inarudisha kile ulichokiondoa. Ukinunua asidi ya glutamiki tupu, itashusha pH ya bafa. Lisini hidrokloridi nayo inaweza kuishusha. Pima pH *baada* ya kuongeza asidi amino, kwa kila mkusanyiko utakaotumia, maana visafirishaji kama SNAT2 hupungua kasi pH ikishuka, nawe utadhani umegundua kizuizi.

Osha seli mara mbili kwa bafa isiyo na sodiamu kabla ya kuanza.

Hatua ya 4: Pima kasi ya mwanzo ya kuingia kwa asidi amino yenye alama (kwa mfano ya mionzi). Dakika chache tu, kisha simamisha kwa bafa ya baridi.

Hatua ya 5: Shindanisha kwa molekuli zinazofanana na asidi amino. MeAIB huzuia mfumo A. BCH huzuia mfumo L, na itumie kwenye bafa isiyo na sodiamu ili usome L bila mchanganyiko. Ushindani huu upo hata kwa wagonjwa: levodopa, dawa ya Parkinson, inafanana na tirosini na huvuka kuingia ubongoni kwa LAT1. Mlo wenye protini nyingi huleta lusini na fenilalanini zinazogombania kisafirishaji hichohicho, na kwa baadhi ya wagonjwa dawa hupungua nguvu.

Kwa kila jaribio weka visima (vishimo vya sahani ya seli) vyenye pia asidi ileile isiyo na alama, kwa wingi mkubwa. Kinachobaki kikisomeka humo hakikupita kwenye kisafirishaji. Kitoe kwanza ndipo uchore grafu.