Mark 4 ya Ukutani: Kabla Hujanunua Bunduki ya Zamani Marekani

Uliyekulia Pokot au Samburu umeiona Mark 4, yaani Lee-Enfield No. 4 ya Mwingereza, begani mwa polisi wa akiba. Unafika Marekani, unaikuta ileile imetundikwa ukutani dukani, imebandikwa bei, na mkono unaanza kuwasha. Subiri. Toa kwanza pasipoti yako uitazame.

Sheria ya shirikisho haimruhusu mtu mwenye viza ya muda kumiliki bunduki, ila kwa misamaha michache, mmojawapo ukiwa leseni halali ya uwindaji. Mwenye grini kadi hana kizuizi hicho. Fomu ya dukani, 4473, inauliza hali yako ya uhamiaji, tena inauliza kama unajinunulia mwenyewe. Hapo ndipo ndugu zetu wanapoponzwa: binamu yuko chuoni kwa viza ya masomo, anakutumia hela umnunulie. Ukikubali, mmeingia nyote wawili kwenye jinai, na kosa la bunduki laweza kumfukuzisha nchini hata mwenye grini kadi. Mkatalie. Akinuna, anune.

Ukiwa na miaka 21 na makaratasi safi, ipo leseni ya wakusanyaji inayotolewa na ATF, idara ya shirikisho inayosimamia bunduki, dola 30 kwa miaka 3. Kwayo unaletewa hadi mlangoni, hata kutoka jimbo jingine, bunduki iliyopita miaka 50 ambayo haijabadilishwa umbo. Utatunza daftari la kila inayoingia na kutoka, wala si leseni ya kuchuuza. Zilizoundwa 1898 au kabla, shirikisho linazihesabu kuwa vitu vya kale, si bunduki za kawaida. Mauser 71, ambayo askari wengi wa Mjerumani Afrika Mashariki walikuwa bado wanaibeba vita vilipoanza 1914, imo humo. Baruti yake ilitoa wingu la moshi lililomchongea mpigaji. Lakini kila jimbo lina sheria zake. Usipime New York kwa kipimo cha Texas.

Sasa bunduki yenyewe. Kwenye Lee-Enfield, linganisha namba iliyogongwa kwenye bolti na ile ya kwenye mwili. Zikitofautiana, bolti imetoka kwingine: bei ishuke, na fundi wa bunduki apime kama inafunga sawasawa kabla hujapiga hata risasi moja. Ziogope zaidi zile fupi, No. 5, ambazo KAR (King's African Rifles, jeshi la mkoloni Afrika Mashariki) walizitumia wakati wa Mau Mau. Baadhi ya zinazouzwa kwa jina hilo ni No. 4 zilizokatwa mtutu gereji. Ya kweli ina sehemu zilizochongwa ili kuipunguzia uzito, hata kwenye shina la mtutu chini ya ubao. Muuzaji akikataa kuufungua, ondoka.

Halafu kuna hadithi. Atakuonyesha kisahani cha shaba kwenye kitako chenye alama ya kikosi, akuapie kuwa bunduki ilibebwa na askari wa KAR. Kisahani hicho kinashikwa na skrubu moja tu. Mwenye bisibisi anaweza kukihamishia popote, kwa hiyo usikiongezee hata senti.

Ubao usiupige msasa, wala usipake vanishi. Mikwaruzo na rangi iliyofifia ndivyo mnunuzi mwenzako atakavyolipia kesho. Ukipiga risasi za zamani za .303, ambazo ndizo za Lee-Enfield, usitegemee mafuta peke yake: viwashio vyake huacha chumvi ndani ya mtutu, na mafuta hayayeyushi chumvi. Mimina maji ya moto, kausha vizuri, ndipo upake mafuta, siku hiyohiyo. Ukingoja wiki utakuta kutu.

Na kuipeleka nyumbani? Usiitie kwenye pipa la nguo wala kontena la gari. Inataka kibali cha kuitoa Marekani na leseni ya huko kabla haijapanda meli, na Mombasa au Dar neno "kumbukumbu" halitakuokoa. Mzee wako akiwa aliwahi kuwa polisi, mpigie picha, namba na stempu zionekane, umtumie kwa WhatsApp. Uwe na muda tu, maana atapiga simu.