Kubadilishiwa TV kwa waranti ya nyongeza: angalia haya kabla hujasaini

Mama alinipigia saa mbili usiku akaniambia "mwanangu, hii TV inaongea lakini haionyeshi". Nilikuwa nimemnunulia inchi 43 pale Kariakoo, Dar, ilikuja na waranti ya kawaida ya mwaka mmoja alafu mie nikaongeza hela nikachukua waranti ya nyongeza ya miaka miwili mbele yake, na siku ile TV ilikuwa na miezi 20 tu. Duka wakaichukua, ikakaa sevisi wiki tano, mwisho wakasema haitengenezeki tunawapa nyingine. Tulifurahi kwa kweli. Nikasaini karatasi pale kaunta bila kuisoma, kirikuu, kale kagari kadogo ka mizigo, ikapakia mpaka Tabata kwa mama, mama akaendelea na tamthilia zake. Miezi minne baadae hiyo ya pili ikaanza kutoa mistari, narudi dukani naambiwa "anko, waranti yako iliisha siku ile tulipokubadilishia, na umesaini mwenyewe".

Na kweli sahihi ilikuwa yangu. Iliniuma sana kwa sababu hela ya nyongeza nililipa ili mama asisumbuke. Basi ikabidi nikae chini nisome kila karatasi na niulize wanaojua, na haya ndo niliyotoka nayo, yatumie kabla haijakukuta.

Kwanza elewa una vitu viwili tofauti mkononi na duka linapenda kuvichanganya. Kuna haki inayotokana na sheria na kuna ahadi uliyoinunua. Ya sheria haiuzwi wala huilipii: Sheria ya Mauzo ya Bidhaa, Sura ya 214, inataka kitu kilichouzwa kiwe na ubora unaokubalika na kifae kwa kazi yake, na Sheria ya Ushindani Na. 8 ya 2003 nayo ina masharti yanayohesabika yamo kwenye mauziano ya mlaji hata kama hakuna mtu aliyeyaandika, na muuzaji hawezi kuyafuta kwa kuchapa maneno yake kwenye risiti. Kwahiyo yale maandishi ya "bidhaa ikishauzwa hairudishwi" yanaweza kumsaidia mwenye duka kwa mteja aliyebadilisha mawazo tu, akataka nyeusi badala ya nyeupe, ila kwa TV iliyokuja mbovu hayamuondolei wajibu. Kitu kimoja tu, usichelewe. Ukiona tatizo wiki ya kwanza rudisha wiki hiyo hiyo na sema wazi unaikataa, maana ukikaa nayo mwaka unaitumia inahesabika umeipokea na hapo unabaki kudai matengenezo au fidia, kuikataa moja kwa moja inakuwa ngumu.

Ahadi uliyoinunua ni hiyo waranti ya nyongeza, na hapa kila kitu kinategemea kilichoandikwa kwenye cheti. Tafuta jina la anayeahidi. Inaweza kuwa kampuni iliyotengeneza TV, linaweza kuwa duka lenyewe, na inaweza kuwa ni bima iliyouzwa kwa jina la waranti. Ukiona kampuni ya bima imetajwa mle ndani basi anayewasimamia ni TIRA, mamlaka ya bima, na kuna ofisi ya Msuluhishi wa Migogoro ya Bima, usipoteze muda kugombana na kijana wa kaunta. Kariakoo pia kuna TV nyingi zinazoletwa na wafanyabiashara wenyewe kutoka Dubai au China, jina la kampuni kubwa lipo kwenye boksi lakini waranti yake ni ya huko ilikotoka, ukienda kwa wakala wa hapa anaingiza namba anakwambia hii hatuitambui. Hiyo sio lazima iwe feki, ila waranti inabaki ya duka, na waranti ya duka ni imara kama duka lenyewe lilivyo imara. Muulize kabla hujalipa "hii waranti ni ya kampuni au ya kwenu?" na mwambie aandike jibu kwenye risiti. Kama amekuleta winga, yule dalali anayekuvuta mpaka dukani, ndo zaidi, maana winga anaahidi mambo ambayo mwenye duka hayajui kabisa.

Sasa TV imekufa. Usimuite fundi wa mtaani afungue, hata kama ni rafiki yako na anajua kazi, maana ile stika ikichanika au skrubu zikionekana zimeguswa umewapa sababu ya kukukatalia. Unachoweza kufanya mwenyewe ni kuiangalia bila kuifungua. Kama sauti ipo na picha hakuna, zima taa za chumba umulike tochi ya simu karibu na kioo, ukiona picha kwa mbali kama kivuli basi taa za nyuma zinazomulika kioo ndo zimekufa, paneli, yani kioo chenyewe, bado inafanya kazi. Rekodi video, ionyeshe hiyo hali, alafu igeuze uchukue stika ya nyuma yenye modeli na namba ya siriali. Tatizo likitajwa kwa video ni ngumu mtu kuja kusema TV ililetwa imepasuka. Dukani wakiipokea dai karatasi ya mapokezi yenye tarehe, namba ya siriali na hali ya kioo. Usikubali kuondoka na "tutakupigia".

Jibu utakalolisikia sana hapa Dar ni "umeme umeiunguza". Umeme wetu ni volti 230 lakini sote tunajua ukikatika na kurudi unavyorudi, na waranti nyingi kweli hazihusishi uharibifu wa umeme. Ila kusema tu haitoshi. Omba ripoti ya fundi kwa maandishi, kifaa gani kimeungua, picha yake iko wapi, na kwanini wanasema ni umeme wa nje na sio pawasaplai yao yenyewe iliyochoka. Taa za nyuma kufa baada ya miezi 20 kunatokea sana hata kwenye nyumba isiyokatika umeme. Kama unatumia stebilaiza au gadi ya umeme piga picha yake ikiwa imechomekwa na utunze risiti yake. Kwa mama mimi nilikuwa nayo picha hiyo kwa bahati tu, na ndo ilimaliza huo ubishi siku ya kwanza.

Wakikubali kubadilisha hapo ndo tunapolegea wengi, tunaona tumeshinda. Punguza mwendo. Uliza TV wanayokupa ni mpya au ni iliyotengenezwa ikarudishwa sokoni. Vyeti vingi vinaruhusu kukupa iliyokarabatiwa, kama chako kinaruhusu basi, ila kama kimeandikwa mpya dai mpya. Njia rahisi ya kujua ni kuiwasha: smati TV mpya ikiwashwa mara ya kwanza inakuuliza lugha, nchi na Wi-Fi, ukiona imeingia moja kwa moja na kuna akaunti ya mtu wa YouTube mle ndani jua kuna alokuwa nayo kabla yako. Angalia plastiki za kioo, angalia alama za vidole kwenye fremu, na hakikisha namba ya siriali ya kwenye TV ndo ile ile ya kwenye boksi.

Modeli yako mara nyingi itakuwa imeshatoka sokoni, watakupa "inayolingana". Inayolingana maana yake sio inchi tu. Kama yako ilikuwa smati ya 4K huwezi kupewa ya kawaida ya inchi zile zile, na hesabu idadi ya matundu ya HDMI. Kuna kingine watu wanasahau, kama yako ilikuwa na king'amuzi cha ndani cha DVB-T2, kile kinachoshika chaneli za dijitali kwa antena, na hiyo mpya haina, mama atakuwa ananunua king'amuzi kingine kwa hela yake mwenyewe, maana analojia Dar ilizimwa tangu 31 Desemba 2012. Huo ni upungufu, useme hapo hapo.

Kuhusu hela, soma cheti kinasemaje. Tuseme ulinunua laki tisa na leo TV ya aina ile inauzwa laki saba, kuna vyeti vinavyokulipa bei uliyonunulia, kuna vinavyokulipa thamani ya leo na kuna vinavyopunguza kadri miezi inavyokwenda. Ukiamua kuongeza hela uchukue kubwa zaidi, ile nyongeza ikatiwe risiti yake ya EFD, ile ya mashine ya kodi, na pawepo maneno kwamba ni tofauti ya bei juu ya TV ya waranti, vinginevyo baadae unaonekana ulinunua TV ya laki mbili.

Tunakuja kwenye karatasi ya kusaini, ambayo ndo iliniumiza. Duka lina haki ya kutaka uthibitisho kwamba umepokea TV. Lakini kupokea TV ni kitu kimoja na kukubali kwamba huna dai lolote tena ni kitu kingine, na mara nyingi vimebanwa kwenye sentensi moja chini kabisa kwa maandishi madogo. Kuna waranti za nyongeza ambazo kweli zinasema zikishakubadilishia mara moja zimeisha, na kama ulikubali hivyo wakati unanunua basi ndo mkataba wenu. Ila nyingine zinasema TV mpya inabeba muda uliobaki. Cheti changu kilisema muda uliobaki, yani miezi kama 15, na ile karatasi ya kaunta ilikuwa inajaribu kunipokonya kwa sahihi moja. Kama hukubaliani na sentensi ikate kwa kalamu, weka sahihi yako fupi pembeni, alafu andika kwa mkono wako "nimepokea TV, waranti inaendelea mpaka tarehe fulani". Wakikataa usisaini, omba kuongea na meneja. Na piga picha karatasi kabla haijarudi mikononi kwao.

Hakikisha pia wamebadilisha namba ya siriali kwenye cheti au kwenye mfumo wao. Hili dogo ndo linaua madai mengi, maana TV ya pili ikiharibika unafika na cheti chenye namba ya TV ya kwanza na wanasema hii hatuijui. Cheti kipya, au muhuri na sahihi kwenye cheti cha zamani, au hata meseji ya wasap kutoka namba rasmi ya duka, kimojawapo uondoke nacho. Na ile ya zamani ambayo wanabaki nayo, kama inawaka japo bila picha waambie waifute kila kitu ukiwa hapo, kama haiwaki kabisa ingia kwenye simu yako uitoe TV hiyo kwenye akaunti zako zote.

Usafiri uulize mapema. Kama cheti kimesema wanakuja kuchukua na kuleta, kirikuu ni yao. Ikifika nyumbani usimruhusu dereva aondoke kabla hujaichomeka, weka picha nyeupe kioo kizima uangalie madoa, kisha nyeusi, jaribu kila tundu, jaribu rimoti. Dakika kumi. Kama ana haraka mpe soda.

Na ya pili ikifa? Usianze kwa kupiga simu, andika. Meseji kama hii inatosha:

"Habari za kazi. Tarehe fulani mlinipa TV modeli fulani, namba ya siriali fulani, badala ya niliyonunua kwa risiti namba fulani. Cheti cha waranti ya nyongeza kinaisha tarehe fulani. TV hii inatoa mistari, video nimeambatanisha. Naomba mnijibu kwa maandishi ndani ya siku saba kama mtaitengeneza, mtaibadilisha au mtanirudishia hela."

Siku saba zikipita bila jibu andika barua ya pili yenye nakala kwa Tume ya Ushindani, FCC, ambao ndo wanasimamia hiyo sheria ya 2003 na pia wanaangalia ile mikataba ya walaji iliyoandaliwa na upande mmoja, na cheti cha waranti kilichochapwa na duka bila wewe kugusa hata neno ni mkataba wa namna hiyo kabisa. Ambatanisha risiti ya EFD, cheti, karatasi ya mapokezi, ripoti ya fundi na picha. Kama risiti ilifutika, maana zile karatasi zinafifia zikikaa kwenye joto, meseji ya Lipa Namba au ya benki inasaidia kuonyesha ulilipa nani na lini. Ukihisi TV yenyewe ni bandia sema hivyo wazi, FCC wanashughulika na bidhaa bandia pia, na mambo ya kiwango na usalama wa bidhaa yapo TBS, shirika la viwango, pale Ubungo. Ikishindikana kote kuna Mahakama ya Mwanzo, kesi inaendeshwa kwa Kiswahili na unajieleza mwenyewe na karatasi zako. Sikufika huko. Barua ya pili ilipopokelewa na kugongwa muhuri waliniita, wakaifungua TV, wakabadilisha paneli bila kunitoza hata mia na wakaniandikia cheti chenye namba sahihi mpaka mwisho wa ile miezi 15.

Siku fundi anakuja kuitundika ukutani kwa mama nilimsimamisha kwanza nikapiga picha stika ya nyuma, kwa sababu ikishakaa kwenye breketi ile namba huioni tena mpaka uishushe, na picha nikamtumia mama na dada yangu pia ili isibaki kwenye simu yangu peke yake.